AC Iliyokufa Dakika ya Kumi na Moja

Kabla hatujaenda mbele, kuna kosa la kukiri. Kwenye sura iliyopita niliwaambia kwamba AC ya ile Corolla ilikuwa nzima, na kwa hivyo dereva Mbaluka ni mwongo. Nisameheni. Nilimwamini Sajini Musyimi, na Sajini Musyimi aliijaribu hiyo AC Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati hata kuku wa hapa mjini Wote wamejikunja kwa baridi. Saa hiyo ukifungua kabati la nguo litakupulizia baridi.

Na hilo ni dogo. Kabla ya kuijaribu, Sajini alikuwa ameamuru mahabusu wawili waioshe gari ndani na nje, kwa sabuni na mpira wa maji, kwa sababu ilikuwa inanuka na yeye ana pua nyepesi. Mtu wa upelelezi, miaka ishirini na mbili kazini, diploma ya ufundi wa magari imetundikwa sebuleni, aliosha ushahidi. Alibakisha tu kuuanika.

Alijua amekosea Jumapili, saa saba mchana.

Alikuwa ameingia kwenye Corolla kuisogeza, maana ilikuwa imeziba njia ya tanki la maji uani kwa stesheni. Jua la siku hiyo lilikuwa la kukaanga. Akawasha injini, akafunga vioo, akabonyeza AC, na baridi ilipokuja akaona heri asome faili hapo hapo. Alikuwa ukurasa wa nne aliposikia "tik" ndogo huko mbele. Injini ikawa nyepesi, kama punda aliyetuliwa mitungi. Upepo ukageuka vuguvugu, halafu moto.

Akaangalia saa. Dakika kumi na moja tangu awashe.

Hakuwa amegusa kitu. Kitufe cha AC kilikuwa ndani, taa yake ya kijani inawaka vile vile. Musyimi akarudi ukurasa wa kwanza wa faili, kwa maneno ya Mbaluka ambayo yeye mwenyewe aliyaandika huku anatabasamu: *Niliacha AC ikiwaka. Sikuzima. Sijui ilizimika aje.*

Kesi ilikuwa hivi. Alhamisi, Mbaluka, dereva wa teksi kutoka Migwani, umri miaka sitini na moja, alimchukua Mzee Abdiaziz kule Kyuso amlete kliniki moja ya figo hapa Wote. Mzee alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, miaka sabini na minne, miguu imevimba, kutembea hawezi, hata mlango wa gari ni wa kufunguliwa. Walipofika, Mbaluka alimwacha kiti cha nyuma, injini inanguruma, AC inawaka, milango imefungwa, akaingia ndani kutafuta kiti cha magurudumu. Kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na mtu. Alirudi baada ya dakika arobaini. Mzee alikuwa amekufa kwa joto, kidole kimelala kwenye kitufe cha dirisha la nyuma, kitufe ambacho kiliharibika mwaka juzi.

Askari wa lango la kliniki, jina lake Mutiso, aliandikisha kwamba alimwona Mbaluka akizima AC kabla hajashuka. Madereva wengi hufanya hivyo gari likisimama, kubana mafuta. Inspekta Kivuva, bosi wa Musyimi, akasema basi kesi imejipika: dereva alijua amebeba mgonjwa, akamzimia hewa asichome petroli. Shtaka la kuua. Faili lilikuwa liondoke stesheni Jumapili saa kumi na mbili jioni, na Jumatatu saa tatu Mbaluka asimame kizimbani. Akifungwa kwa umri ule, hangetoka kwa miguu yake.

Musyimi akatoka kwenye gari shati limeganda mgongoni. Chini ya ukuta wa seli, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa amekaa Kaluki, mke wa Mbaluka. Alikuwa hapo tangu Ijumaa. Mapajani alikuwa na bakuli la chakula alilolifunika kwa kipande cha neti ya mbu, ile ya buluu, nzi wasiingie. Ndani ya seli mumewe alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu cha mtu wa vumbi, na kila akikohoa Kaluki aliinua uso kwa kidirisha kilichokuwa juu ya kichwa chake.

"Umeoga, mwanangu?" akamuuliza Musyimi.

"Nimeogeshwa, mwaitu," akamjibu, kwa Kikamba, kama anavyomwita mamake. "Amekula?"

"Amesema hiki chakula nimpelekee mbuzi. Mbuzi ilikufa mwaka jana." Akashika neti isipeperuke. "Kesho wanampeleka?"

"Saa tatu."

"Na wewe ndiye umeandika alizima."

Musyimi akageuka akaangalia gari. "Mpaka saa saba ndivyo nilikuwa nasema."

Akatoa simu.

*

Wavinya alifika na nguo ya kanisa, ovaroli juu yake, kofia ya sherehe bado kichwani. Kati ya Wote na barabara ya Mombasa kuna mafundi wengi wanaojaza gesi ya AC, lakini anayejua kwa nini gesi ilitoka ni huyu mmoja.

"Afande, umenitoa kabla ya matangazo. Kama hakuna mtu amekufa, nitakuua."

"Mtu amekufa."

"Haya basi." Akavua kofia, akaiweka juu ya paa la gari la OCS, mkuu wa stesheni. "Inafanya nini?"

"Inapoza dakika kumi na moja, inakata. Naona ni gesi ndogo. Gari la miaka ishirini na tano, gesi itakuwa imetoroka."

"Ni wewe unaongea ama ni diploma?"

Akafungua boneti, akafunga geji zake mbili, ya buluu upande wa presha ndogo na nyekundu upande wa presha kubwa. Akaziangalia kidogo tu. "Gesi iko. Tena ya kutosha."

"Feni basi."

"Masikio yako yako wapi? Si hii inanguruma?"

Kweli feni ya rejeta ilikuwa inazunguka kwa nguvu. Lakini Musyimi alikuwa ameona kitu kingine: waya uliotoka kwa feni ukapita juu ya kila kitu mpaka kwa betri, umefungwa kwa tepu nyeusi inayong'aa. Tepu mpya. Mtu alikuwa amechezea gari. Akatoa kijitabu akaanza kuandika mbio: *waya mpya, nani, lini, Migwani au Kyuso.*

"Unaandika nini?" Wavinya akamuuliza.

"Huyu dereva ana adui."

Wavinya akachungulia, akacheka mpaka akashika bampa. "Hii imepigwa direct, Afande. Swichi ya joto ikikufa, hawanunui ingine. Wanatoa waya kwa feni wanaipeleka kwa betri, feni inazunguka toka unapowasha mpaka unapozima. Nusu ya teksi za Migwani ziko hivi. Hii hata si kazi ya juzi."

"Tepu ni mpya."

"Si mpya, ni safi. Mtu ameosha hii injini juzi juzi."

Musyimi akakata ule mstari kwenye kijitabu.

"Tuwashe tungoje hizo dakika zako," Wavinya akasema. "Nataka kuona geji ikikata."

Hapo ndipo mwanamke aliyevaa buibui jeusi akaingia langoni. Alikuwa Farhiya, binti wa Mzee Abdiaziz, mwenye duka la nguo hapa Wote. Babake walimzika Ijumaa baada ya daktari kumaliza kazi yake. Alikuwa amekuja kuchukua mfuko wa marehemu. Musyimi akamweleza, taratibu, kwamba huenda dereva hakuzima AC, kwamba wanaijaribu.

Farhiya akasikiliza bila kupepesa. "Mtaijaribu bila mtu ndani?"

"Geji inatosha, mama."

"Nitakaa pale alikaa."

"Haifai. Joto lake..."

"Nyinyi mmeshaosha kiti. Sitachafuka."

Akaingia nyuma, akafunga mlango, akaweka mikono magotini. Kwa nje, kupitia vioo vilivyobandikwa tint nyeusi, huwezi kujua kama kuna mtu. Musyimi akaingia mbele, akawasha, akabonyeza AC, akashuka. Jua likawa linapiga utosini.

Sindano ya geji nyekundu haikukaa. Mia mbili. Dakika ya tano, karibu mia tatu. Wavinya akaacha mzaha. Mia tatu na hamsini. Dakika ya tisa, mia nne, na bado inapanda.

"Hii si sawa," akasema pole pole. "Hii iko karibu kupasua paipu."

Tik. Injini ikawa nyepesi.

"Dakika kumi na moja na nusu," Musyimi akasema.

"Swichi ya presha imekata. Inajilinda. Presha ikishuka itawaka kidogo, halafu ikate tena. Ni kama mtu anapumua mara moja kwa dakika tatu."

Musyimi akaenda kumfungulia Farhiya. Farhiya akauvuta mlango ukafungwa. Musyimi akangoja. Dakika ya kumi na nane akabisha kioo, kioo hakikujibu. Dakika ya ishirini na mbili Wavinya akasema, "Afande, mtoe huyo mama," na ndipo mlango ukafunguka wenyewe. Farhiya akatoka uso umelowa wote, huwezi kujua jasho ni lipi na machozi ni yapi. Akashika paa la gari, likamchoma, akaondoa mkono.

"Nilikuwa naangalia ile taa ya kijani," akasema. "Haikuzima. Hakuna mkono uligusa."

"Ndiyo."

"Lakini alimwacha."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo pia uandike." Akaenda kukaa kwenye kivuli cha tanki, mbali na Kaluki, lakini kivuli kilikuwa kimoja.

Wavinya alikuwa ameshachota maji kwenye ndoo. "Ona sasa." Akamwaga pole pole juu ya kondensa, ule wavu wa bati uliosimama mbele ya rejeta na ambao kazi yake ni kutupa nje joto la ndani ya gari. Mvuke ukapanda. Sindano ikaanguka. Tik. Baridi ikarudi.

"Ukiipoza inafufuka. Ijumaa asubuhi ilikuwa imepoa yenyewe, ndio ikakudanganya. Kondensa haipumui, Afande."

"Iko safi kama sahani."

"Mbele iko safi. Mbele umeosha."

"Nani amesema ni mimi?"

"Masikio yako yamesema, yamekuwa mekundu."

Musyimi akaacha masikio yaendelee. "Na kutoka Kyuso mpaka hapa, kilomita zote hizo, mbona haikukata?"

"Gari ikitembea upepo unaisaidia. Ikisimama kwa jua, feni peke yake haitoshi kama kuna kitu imeziba huko nyuma, kati ya kondensa na rejeta. Siwezi kuona mpaka nitoe rejeta. Hiyo ni saa moja na nusu."

Ilikuwa saa nane na nusu. "Toa," Musyimi akasema, na akaondoka mbio kwa miguu, kwa sababu kliniki ilikuwa karibu, na gari la stesheni lilikuwa kwa Inspekta.

*

Mutiso alikuwa langoni, viatu vinang'aa, rungu kwapani.

"Uliandikisha kwamba uliona mkono wa Mbaluka ukizima AC."

"Niliona, Afande."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapa hapa."

"Na gari?"

"Pale kwa jiwe jeupe."

Musyimi akapima. Hatua thelathini na mbili. Akarudi. "Vioo vya ile gari vilikuwa vya namna gani?"

Mutiso akafikiri. "Vya kioo."

"Ni tint nyeusi kote, mpaka vya mbele. Leo nimeweka uso hapo nikitafuta mtu ndani, nikaona pua yangu. Wewe ukiwa hapa uliona mkono?"

Rungu likahama kwapa. "Afande, si kuona ya macho."

"Kuna ingine?"

"Nilisikia. Gari ilibadilisha sauti, ikawa nyepesi. Nimelinda magari miaka tisa. Ikifanya hivyo ujue dereva amezima AC."

"Lete kitabu cha lango."

Kitabu kikaletwa. Mwandiko wa Mutiso ulikuwa mzuri kuliko wa Inspekta. Corolla, saa saba na dakika tano. Chini yake, lori la maji, saa saba na dakika kumi na saba.

"Sauti ilibadilika lini?"

"Nilikuwa namwandikia huyu wa lori."

"Na Mbaluka wakati huo?"

Mutiso akaangalia kitabu kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine. "Alikuwa ashaingia ndani kitambo. Aliniuliza kiti ya magurudumu iko wapi, nikamwonyesha."

"Kwa hivyo mkono gani ulizima?"

Mutiso akaweka rungu mezani.

"Mbona ulisema uliona?"

"Inspekta aliniuliza, uliona ama hukuona. Hakuniuliza kama nilisikia."

Musyimi akapiga picha ukurasa, akaandika maelezo mapya hapo hapo juu ya meza ya lango, Mutiso akatia sahihi, kalamu ikitoboa karatasi. Dakika kumi na mbili. Dereva ndani ya kliniki, AC ikakata yenyewe.

"Na zile dakika zilizobaki," Musyimi akauliza akiwa ameshageuka, "hukuenda kuchungulia?"

"Tint, Afande." Sauti ya Mutiso ilikuwa imekwisha. "Nilijua hakuna mtu."

*

Aliporudi, rejeta ilikuwa imelala chini kama mgonjwa na Wavinya amepiga magoti mbele ya gari, nguo ya kanisa imekula grisi.

"Kuja uone blanketi," akasema.

Kwenye nafasi kati ya kondensa na mahali rejeta ilipokuwa, kulikuwa na mkeka wa makapi, mnene kama kidole, umebanana toka chini mpaka juu ya nusu. Maganda meusi ya ndengu, zile wengine huita choroko, yaliyopondwa, vijiti, na hapa na pale punje yenyewe, kijani kibichi. Maji ya Ijumaa yalikuwa yameushindilia zaidi.

Hapakuwa na haja ya kueleza. Wakati wa kuvuna, kutoka Kyuso mpaka Migwani, watu hutandaza ndengu zao juu ya lami. Magari yakipita, matairi yanapura. Jioni mwenyewe anakuja na ufagio, anakusanya punje, makapi yanabaki na upepo. Hakuna dereva anayelalamika, maana nyumbani kwake pia wametandaza.

"Lakini kila gari linapita hapo," Musyimi akasema. "Mbona hazizibi?"

"Kupita mara moja haijazi hivi. Hii ilitambaa. Ilienda na kurudi, ikaenda na kurudi, pole pole, mara kumi hivi ama zaidi. Na angalia hapa." Akagonga chini ya bampa. "Plastiki ya kuziba chini haiko. Feni ni ya direct, inavuta hata kama injini imepoa. Ukitambaa juu ya ndengu na hii gari, ni kama umeweka pampu."

Musyimi akachukua bahasha akaanza kuijaza kwa kibano. Katikati ya maganda kulikuwa na nyuzi. Nyembamba, laini, nyingi. Akavuta moja akaiinua juani.

Buluu.

Hakugeuka kuangalia ukutani kwa Kaluki, ingawa shingo ilitaka. Akafunga bahasha, akaandika tarehe na saa, Wavinya akatia sahihi kama shahidi. Kisha akampigia Inspekta Kivuva.

Inspekta alisikiliza yote, Mutiso, kitabu, geji, makapi. Halafu akasema, "Musyimi, gari limekaa kwetu siku tatu?"

"Ndiyo, bosi."

"Likaoshwa?"

"Ndiyo."

"Umeandika kwenye OB, kitabu cha matukio, kwamba limeoshwa?"

Musyimi akaangalia viatu vyake.

"Basi kesho mwendesha mashtaka ataniuliza hayo makapi yaliingia kabla ya mzee kufa ama baada. Nitamwambia nini? Yule wa lango amebadilisha maneno mara moja, anaweza kubadilisha tena. Niletee mtu aseme hayo makapi yaliingia wapi na siku gani, kwa karatasi, na sahihi. Hapo nitavuta shtaka. La sivyo faili linaenda vile liko."

"Saa hii ni saa kumi na robo, bosi."

"Na saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili."

*

Seli ilikuwa na joto la tanuri la mkate. Mbaluka alikuwa amekaa pembeni, mgongo kwa ukuta, chini ya kile kidirisha ambacho upande wa pili kuna mkewe. Alikuwa mtu mrefu, na siku tatu za kutokula zilikuwa zimemkunja.

"Mzee, AC ilikata yenyewe. Nimeona kwa macho yangu. Mutiso amefuta maneno yake."

Mbaluka akakohoa kwanza. "Asante."

"Usinishukuru bado. Nyuma ya kondensa kuna makapi ya ndengu. Ulikanyaga ndengu za nani?"

"Ndengu ziko barabara yote."

"Hizi ulikanyaga ukienda na kurudi."

"Gari inaenda na inarudi. Ndiyo kazi ya gari."

"Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

Nje Kaluki alikuwa anafukuza nzi. Neti ilisikika ikipigapiga bakuli.

"Mzee, umeendesha miaka thelathini na sita. Nilipokuuliza Ijumaa ilizimika aje, ulisema hujui. Ulijua. Uliporudi na ukakuta inapuliza moto, ulijua pale pale ni nini."

Mbaluka akasogea karibu, akateremsha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Afande. Andika nilizima."

"Nini?"

"Andika nilizima kubana mafuta. Nitatia sahihi. Si ndivyo mlitaka?"

"Hiyo ni miaka mingi, mzee."

"Mimi ndiye nilimwacha yule mutumia, yule mzee, ndani. Hiyo ni yangu, nitabeba. Ama kama hutaki, andika gari ni ya zamani. Si ni ukweli? Gari ya zamani inakufa tu." Akamshika mkono wa shati. "Usiandike ndengu. Huyo mke wangu analala vibaya hata bila hii."

"Bila ndengu sina kitu, mzee."

"Basi huna kitu," Mbaluka akasema, akarudi kwa ukuta wake, akaanza kukohoa tena.

*

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Musyimi alitoka nje akachuchumaa mbele ya Kaluki, kwa sababu mtu hawezi kumuuliza mama kitu kama hicho akiwa amesimama.

"Mwaitu, hiyo neti ni nzuri. Kipande kingine kiko wapi?"

"Kilichakaa. Nilitandazia ndengu, isiingie mchanga."

"Lini?"

"Jumatano. Zilikuwa zimekauka vizuri, lakini siku hiyo magari hayakupita, sijui walienda wapi. Baba Mbinya akarudi kutoka kazini saa kumi, akaniona nimekaa hapo na fimbo. Akaniambia weka fimbo chini, mwanamke, mume wako ana matairi manne." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka jua likaingia. Majirani wakasema huyu anapura ndengu ama anajifunza kuendesha? Neti yote ikararuka. Gunia mbili na nusu..."

Akaacha. Alikuwa ameona bahasha mkononi mwa Musyimi. Kisha akaangalia gari, boneti iko wazi, rejeta iko chini, na Wavinya ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi ya kufuta spana moja. Kisha akaangalia kipande cha neti juu ya bakuli, akakigusa kwa kidole, uzi mmoja ukabaki kwenye kucha.

"Ni hiyo ilizima?" akauliza.

"Ilizuia hewa. Gari liliposimama, ikakata."

"Ndengu zangu."

"Si kosa, mwaitu. Kila mtu anatandaza."

Kaluki hakusikia hilo. Aligeuka kumtafuta Farhiya, ambaye alikuwa amesimama karibu na tanki, mfuko wa babake mikononi. Alikuwa amesikia. Wanawake wale wawili wakaangaliana, na hakuna aliyejua pa kuweka macho baadaye.

"Ukiandika hivyo anatoka?" Kaluki akauliza.

"Ukisema wewe, na ukitia sahihi, shtaka la kuua linaanguka. Inspekta ameahidi. Litabaki swali la kumwacha ndani, lakini si la kuua."

"Andika."

Musyimi akaandika juu ya goti. Siku, saa, mahali, lami ya Migwani, neti ya buluu, mara ngapi alienda na kurudi. Kaluki alikuwa anasema polepole na vizuri, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Saa kumi na moja na nusu alichukua kalamu, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, akarudisha kalamu. Musyimi alipotaka kuinuka, akamshika mkono wa shati, pale pale mumewe alipokuwa ameshika.

"Hii kesho itasomwa?"

"Mbele ya hakimu."

"Na yeye akiwa hapo?"

"Ndiyo, mwaitu."

Akateremsha sauti. Lakini kidirisha kilikuwa juu ya kichwa chake, na jioni hiyo hapakuwa na upepo.

"Nimesema yote umetaka. Na mimi nataka kitu moja. Baba Mbinya asijue ni ndengu zangu. Atasema ni yeye alitaka kunisaidia, na hatalala tena. Mwambie gari ilikuwa ya zamani. Mumwambie hivyo, tafadhali."

Akamwangalia Musyimi. Akamwangalia Wavinya. Akamwangalia Farhiya, kwa muda mrefu zaidi.

Ndani ya seli, kile kikohozi kilichokuwa kikisikika tangu asubuhi kilikuwa kimenyamaza, kama cha mtu aliyebana pumzi apate kusikia.